Kanisa Kuu la Vigan kwa kipimo cha 1 kwa 100: shajara ya kulijenga na kulitikisa

3 Februari 2024: jengo lenyewe na vipimo vyake

Mradi huu una sehemu mbili zitakazokwenda sambamba. Ya kwanza ni modeli ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo lililoko Vigan, mkoa wa Ilocos Sur, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, itakayowekwa kwenye maonyesho ya vijana wa parokia yetu. Ya pili ni vipande vya jengo hilohilo, yaani ukuta wa pembeni na mnara wa kengele, vitakavyopangwa kwa vitofali vidogo juu ya meza ya mtetemo ili tuone kinachoanguka, kinaangukia wapi, na kwa nini. Msomaji anayetaka kuiga kazi hii aitazame zaidi sehemu ya pili, kwa kuwa ya kwanza ni subira na msasa tu.

Nimelichagua kanisa la Vigan kwa sababu umbo lake limeamuliwa na tetemeko la ardhi kabla ya kuamuliwa na mchoraji wa nakshi. Juan de Salcedo aliuanzisha mji wa Kihispania mahali hapo mwaka 1572, na kanisa la kwanza, la mbao na majani, likasimamishwa mwaka 1574. Yaliyolifuata hayakudumu, na moja liliteketea kwa moto mwaka 1739. Mwaka 1758 makao ya jimbo la Kikatoliki la Nueva Segovia, lililokuwapo tangu 1595, yalihamishwa kutoka mji wa Lal-lo hadi Vigan, na mji ukahitaji kanisa linalostahili kiti cha askofu. Jengo tunaloliona leo lilijengwa chini ya watawa Waagustino kati ya 1790 na 1800, kwa mtindo ambao wataalamu wa majengo huuita baroko ya matetemeko. Kule Ulaya baroko, mtindo wa majengo wenye nakshi nyingi, ilipenda kupanda juu kwa makuba na minara pacha, lakini huku Luzon mtindo uleule ulilazimika kuinama: kuta zikawa nene, jengo likawa pana na fupi, nguzo kubwa za kuegemeza ukuta, yaani viegemeo, zikajengwa nje, na mnara wa kengele ukatengwa na kanisa.

Vipimo viwili vya uhakika ndivyo nilivyoanza navyo. Mnara, ambao una pembe nane, una kimo cha mita 25, na umesimama mita 15 kusini mwa kanisa. Kwa kipimo changu hizo ni sentimita 25 na sentimita 15. Vipimo vingine nimevitoa kwenye picha kwa kuutumia mnara kama rula. Picha zilizopigwa karibu na mlango hazikufaa hata kidogo, kwa kuwa kamera iliyoinuliwa juu huufanya ukuta uonekane umeegemea nyuma na sehemu ya juu ikasinyaa. Zilizofaa ni zile zilizopigwa kwa mbali, kutoka upande wa pili wa uwanja wa Plaza Salcedo. Mnara na uso wa kanisa haviko kwenye mstari mmoja kutoka kwa mpiga picha, kwa hiyo makadirio yangu ya upana yana kasoro ndogo, na kwa modeli ya maonyesho nimeridhika nayo.

Gharama hadi sasa: kuchapisha michoro mikubwa, shilingi 14,000.

24 Februari 2024: meza ya mtetemo na mota isiyofaa

Meza yenyewe ni rahisi. Ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 vilivyounganishwa kwa reli za droo, zile zinazotumika kwenye makabati ya jikoni, ili cha juu kiteleze mbele na nyuma na kisiyumbe pembeni. Kazi ngumu ilikuwa kukisukuma.

Ushauri unaozunguka kwa mafundi wa vitu kama hivi ni kutumia mota ya waipa ya gari, kwa kuwa ina nguvu, inatumia betri ya volti 12 na inapatikana kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika. Niliinunua kwa shilingi 35,000. Ina nguvu kweli, lakini inazunguka taratibu mno, takriban mara moja kwa sekunde, na hapo ndipo hesabu ilipoikataa. Nguvu inayoangusha ukuta haitokani na umbali ambao meza inakwenda peke yake, inatokana na mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika ghafla. Na mchapuko hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Pini iliyowekwa milimita 5 kutoka katikati ya gurudumu, ikizunguka mara moja kwa sekunde, hutoa mchapuko wa mita 0.2 kwa sekunde kwa sekunde, ambao ni kama asilimia 2 ya mvutano wa dunia. Rundo la sarafu juu ya meza halikutikisika. Kurefusha mkono wa pini kungeongeza nguvu, lakini meza ingesafiri sentimita nyingi kila mara na kuanza kufanana na pembea.

Mota ya cherehani ndiyo iliyotatua tatizo hilo. Inazunguka kwa kasi kubwa kupita tunavyohitaji, lakini kwa puli ndogo kwenye mota na puli kubwa kwenye ekseli, mizunguko hushuka hadi kiwango kinachofaa, na kanyagio lake hukuruhusu kupandisha kasi polepole kama mshonaji anavyofanya. Fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinichongea gurudumu lenye pini iliyo milimita 3 kutoka katikati. Kwa mizunguko 5 kwa sekunde, pini hiyo hutoa takriban mita 3 kwa sekunde kwa sekunde, yaani asilimia 30 ya mvutano wa dunia, na hicho ni kiwango cha tetemeko la kuheshimiwa.

Nilipoihakiki kwa programu ya simu inayosoma kihisi cha mwendo, simu ilionyesha vilele vya mara mbili ya hesabu yangu. Tatizo lilikuwa kwenye tundu la pini, ambalo lilikuwa limelegea, kwa hiyo kila mwisho wa safari mkono uligonga kabla ya kurudi. Mgongano huo huonekana mdogo, lakini unaharibu jaribio zima, maana ukuta huangushwa na nyundo badala ya mtetemo. Beringi ndogo iliyopachikwa kwenye tundu kwa kubanwa iliumaliza ulegevu, na masomo ya simu yakakaribiana na hesabu.

Gharama: mota ya waipa 35,000, mota ya cherehani na kanyagio lake 60,000, vipande vya plaiwudi 15,000, reli za droo 12,000, puli na mkanda 10,000, kuchongesha gurudumu 15,000, beringi 5,000.

16 Machi 2024: vitofali

Majengo ya kale ya Vigan yana matofali ya udongo wa kuchoma yaliyounganishwa na kupigwa lipu kwa chokaa, kwa hiyo nilitaka vitofali vyangu navyo viwe vya chokaa na mchanga. Nilivimimina kwenye trei kama bamba moja na kulikata bamba hilo likiwa bado bichi. Halikufaulu. Chokaa huwa gumu kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, kazi inayoanzia juu na kuingia ndani taratibu mno. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao kuta zao za mawe ya matumbawe zimeshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, wanajua kwamba ukuta wa namna hiyo haumhudumii mtu mwenye haraka. Bamba langu lilikauka juu, likapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na vitofali vilivyotoka salama vilimomonyoka pembe kila nilipovishika.

Nimehamia unga wa jasi, ule ambao mafundi wa dari huuita jipsamu, nikauchanganya na mchanga laini uliochekechwa kwa chujio la chai: sehemu mbili za jipsamu kwa moja ya mchanga. Mchanga unaongeza uzito na kuzifanya nyuso za vitofali zikwaruzane, jambo ambalo jipsamu tupu, iliyo laini kama chaki, haliwezi. Vitofali vina urefu wa milimita 20, upana 12 na kimo 10. Kila kimoja kinawakilisha fungu la matofali halisi, kwa kuwa kukata tofali moja la kweli kwa kipimo cha 1 kwa 100 ni kazi ya kutafuta upofu.

Uamuzi mkubwa wa wiki hii ni kwamba ukuta wa majaribio hautaunganishwa kwa gundi wala kwa chokaa, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa sababu modeli nyingi za matetemeko huharibikia hapa. Ukilipunguza jengo mara 100 kwa kila upande, uzito wake hupungua mara milioni moja, lakini eneo la maungio yanayoubeba uzito huo hupungua mara elfu kumi tu. Kila ungio basi hubeba mzigo hafifu mara 100 kuliko kwenye jengo halisi, ilhali gundi ina nguvu ileile. Ukuta wangu wa kwanza ulioungwa kwa chokaa nyepesi ulitikiswa hadi meza ikaanza kutembea sakafuni, na haukupata hata ufa. Ukuta uliopangwa bila kiunganishi hauna uongo huo: unaanza kuyumba pale mchapuko, ukilinganishwa na mvutano wa dunia, unapofikia uwiano wa unene kwa kimo, na uwiano huo haubadiliki ukiupunguza ukuta.

Gharama: chokaa mfuko mmoja 9,000, jipsamu kilo 25 kwa 24,000.

13 Aprili 2024: ukuta mtupu na ukuta wenye viegemeo

Ukuta mtupu una unene wa milimita 12 na kimo cha sentimita 10. Si nakala ya ukuta wa Vigan. Ni ukuta wa majaribio, mwembamba kwa makusudi ili tofauti zionekane. Kwa hesabu ya unene kwa kimo unapaswa kuanza kuyumba mchapuko ukifika asilimia 12 ya mvutano wa dunia, na kwa pini yangu hiyo ni mizunguko 3 na kitu kwa sekunde. Ulifanya hivyo hasa. Mstari wa mwanga ulijitokeza chini ya kitofali cha kwanza upande mmoja, ukafungwa, ukajitokeza upande wa pili, kisha ukuta ukajikunja katikati kama goti na kumwagika.

Viegemeo vya Vigan sina vipimo vyake, kwa hiyo nimeazima uwiano kutoka kanisa la Mtakatifu Augustino la Paoay, lililo kaskazini zaidi katika Ilocos Norte. Kanisa hilo lilianza kujengwa 1694 na kukamilika 1710, na liliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1993 pamoja na makanisa mengine matatu ya baroko ya Ufilipino, miaka sita kabla ya mji wa Vigan wenyewe kuorodheshwa. Lina viegemeo 24 vyenye unene wa mita 1.67, vikubwa kiasi kwamba ukilitazama kwa ubavu unaviona vyenyewe kwanza na kanisa baadaye. Kwa kipimo changu unene huo ni milimita 16.7, nami nimeukadiria hadi 17.

Jaribio la kwanza la viegemeo lilitoa matokeo mabaya kuliko ukuta mtupu. Nilivipanga kama nguzo za pekee zilizogusana na ukuta bila kuingiliana nao. Meza ilipoanza kwenda, ukuta mwembamba na nguzo nene viliyumba kwa mapigo tofauti, vikaachana, vikagongana, na ukuta ukasukumwa ndani na kitu kilichowekwa kuusaidia. Kiegemeo kisichofungamanishwa hugeuka adui wa ukuta. Marekebisho yake ni ya kiuashi kabisa: katika kila mstari wa pili, kitofali cha kiegemeo huingia hadi ndani ya ukuta na mkia wake kubaki nje, ili visiweze kuachana bila kitofali kuvunjika. Baada ya hapo ukuta ulisimama hadi karibu asilimia 25 ya mvutano wa dunia, mara mbili ya ule mtupu.

Hata hivyo ulipoanguka, uliangukia ndani. Niliujenga tena na ukaangukia ndani tena. Ukifikiri ni jambo la wazi, kwa kuwa kiegemeo kilicho nje huukinga ukuta usilale nje, na hakina cha kuushika unapotaka kuwalalia waumini. Viegemeo, kwa ukubwa wao wote, ni nusu ya jibu.

Neno moja kwa wanaohesabu: katika modeli ya 1 kwa 100 saa nayo hukimbia mara 10, ambayo ni kipeuo cha pili cha 100. Mizunguko 5 kwa sekunde kwenye meza yangu ni sawa na nusu mzunguko kwa sekunde mjini Vigan, na milimita 3 za pini ni sentimita 30 za ardhi. Huo ni mtikiso wa polepole na mrefu, mkali zaidi kwa kuangusha vitu kuliko mitetemo mingi ya kweli. Kulinganisha ukuta na ukuta juu ya meza hii ni halali. Kusema kanisa lenyewe lingeanguka kwa kiwango fulani si halali.

4 Mei 2024: paa

Nusu ya pili ya jibu ilikuwa juu. Nilijenga kuta mbili zinazotazamana, kila moja na viegemeo vyake kwa nje, kisha nikajaribu kuzifunika.

Paa la karatasi ngumu halikusaidia chochote. Vijiti vya mishikaki vilivyolazwa tu kutoka ukuta hadi ukuta viliteleza. Ukuta mmoja uliangukia ndani vijiti vikiwa bado vimelala juu ya mwenzake. Kilichofanya kazi ni kulaza ubao mwembamba juu ya kila ukuta kwa urefu wake wote, kuuchimba vijishimo, na kuvipachika vijiti humo ili visiweze kuvutwa wala kusukumwa. Sasa ukuta wa kushoto ukitaka kulala ndani, vijiti huusukuma ukuta wa kulia kwa nje, na huko viegemeo vya kulia vinausubiri. Mwendo ukigeuka, zamu nayo hugeuka. Kuta mbili zilizokuwa dhaifu kwa ndani zikawa jozi inayolindana, zikavumilia hadi asilimia 35, ambapo mstari wa juu wa vitofali ulianza kutawanyika lakini kuta zikabaki zimesimama. Kwa maoni yangu hili ndilo fundisho kubwa la meza hii, na ni sehemu ambayo mtalii haioni, kwa kuwa anapiga picha ya viegemeo na mbao zimefichwa juu ya dari.

Nilijaribu pia uzito wa paa. Nilipoweka vigae vya jipsamu juu ya vijiti, kuta zilianza kuyumba mapema zaidi, kwa kuwa uzito ulio juu huongeza msukumo pale pale ukuta ulipo na mkono mrefu. Nilipovitoa na kuweka karatasi ya foili, zilirudi kwenye uvumilivu wa awali. Historia ya nchi yenyewe ilikwenda njia hiyohiyo: baada ya matetemeko ya Manila ya 1863, lililolibomoa kanisa kuu la mji huo, na ya 1880, paa za vigae zilianza kuachwa na mabati yakashika nafasi yake. Wanaoyalaumu mabati kwa kuharibu sura ya makanisa ya kale wana haki ya kulaumu sura, lakini wakumbuke pia vigae vilikuwa vikimwangukia nani.

Gharama: vijiti vya mishikaki 3,000. Ubao mwembamba ulitoka kwenye kreti la matunda.

25 Mei 2024: mnara

Hapa ndipo namba mbili za mwanzo ziliponisumbua. Mnara una mita 25 na uko mita 15 kutoka kanisani. Maelezo ya kawaida ni kwamba minara ilitengwa ili ikianguka isiliangukie kanisa. Lakini kitu cha mita 25 kikilala chote kuelekea kitu kilicho umbali wa mita 15, kinakigonga. Nilitaka kuliona hilo kwa macho.

Mnara wa kwanza niliumimina wote kama kipande kimoja cha jipsamu chenye pembe nane. Mota peke yake iliuyumbisha tu, kwa kuwa chini ni mpana. Ilibidi niifungue mota na kuivuta meza kwa mkono kwa mkupuo mmoja mrefu. Ulianguka kama mnazi na kilele chake kikapasua ukuta wa majaribio. Kwa hiyo kama mnara wa Vigan ungekuwa jiwe moja, mita 15 zisingetosha.

Mnara wa pili niliujenga kwa mapete, kila pete ikiwa na vipande vinane visivyounganishwa, na kila ghorofa ikiwa nyembamba kidogo kuliko ile ya chini yake. Kwa mkupuo uleule, haukulala. Ghorofa ya juu ilifunguka kama ua, vipande vyake vikamwagika kuzunguka shina, na kilichofika mbali zaidi kuelekea kanisani kilisimama kabla ya sentimita 9. Matofali na chokaa ya zamani havina nguvu ya kushikana hadi mnara ulale mzima. Humwagika, na vinapomwagika mita 15 ni uwanja wa kutosha. Udhaifu wa kiunganishi, ambao ungedhaniwa kuwa kasoro, ndio unaofanya umbali huo uwe na maana.

Kuna sababu ya pili ya kuutenga mnara, nayo niliipata kwa kuusogeza hadi ugusane na ukuta. Mnara mrefu na ukuta mfupi havina mapigo sawa, kwa hiyo pale vinapokutana hugongana na kupasuana. Kanisa la San Agustin la Manila, ambalo minara yake ilishikamana na uso wa kanisa, lilionja jambo hilo mwaka 1880: mnara wa kushoto ulipasuka katika matetemeko ya mwaka huo na baadaye ukaondolewa, na hadi leo uso wa kanisa hilo una mnara mmoja. Mfano wa karibu zaidi ni wa 27 Julai 2022, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lenye kitovu katika mkoa jirani wa Abra. Mnara wa Bantay, ulio kilimani nje kidogo ya Vigan na ambao nao umesimama mbali na kanisa lake, ulimwaga sehemu ya kuta zake mbele ya kamera za simu, na kanisa kuu la Vigan nalo likapata madhara.

Juu ya mnara wa Vigan kuna jogoo wa kuonyesha upepo, alama ya Mtakatifu Petro, aliyemkana Yesu kabla ya jogoo kuwika, kama kila aliyesikia masomo ya Ijumaa Kuu anavyojua. Wangu nimemkata kwenye kopo la soda na kumsimamisha kwa pini. Katika majaribio yote yeye ndiye aliyetangulia kuanguka, mara nyingi kabla ya kitofali chochote kusogea, kwa kuwa kilele cha mnara husafiri mbali kuliko mguu wake. Kwenye meza ya mtetemo ni chombo cha kupimia kizuri kuliko nilivyotarajia: jogoo akiruka, punguza mguu kwenye kanyagio.

29 Juni 2024: uso wa kanisa

Sehemu ya maonyesho, ambayo imejengwa kwa mabamba ya jipsamu yaliyogundishwa, imefika kwenye nakshi. Uso wa kanisa una maua ya duara, mikunjo ya konokono na mistari ya kingo, na kati ya hivyo wamo simba-walinzi wa Kichina, ukumbusho kwamba Vigan ulikuwa mji wa biashara wenye mafundi na wafanyabiashara wa asili ya China. Hata vizuizi vya shaba vya mbele ya altare vilifuliwa China.

Vielelezo vya nakshi nilivichonga kwenye sabuni ya mche, ambayo haina nyuzi kama mbao na inakubali ncha ya sindano. Kalibu nilizifanya kwa silikoni ya madirisha, na za kwanza zilishindwa: silikoni hiyo hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo juu ilikuwa ngumu na katikati ikabaki uji kwa muda mrefu mno. Kuichanganya na wanga wa mahindi kwa viwango sawa, ukiikanda kwa mikono iliyovaa glovu karibu na dirisha lililo wazi kwa sababu ya harufu, huifanya ikomae yote kwa pamoja ndani ya saa chache. Tatizo lililofuata ni mapovu, ambayo yaliwatoa simba pua na masikio. Kumimina jipsamu taratibu hakukutosha; dawa ilikuwa kupaka kwanza jipsamu nyepesi kwa brashi ndogo ndani ya kila tundu la kalibu, kisha kumimina iliyobaki juu yake ikiwa bado mbichi.

Kuipanga nakshi hiyo kwenye uso kumenionyesha jinsi ilivyotii mwili wa jengo. Nguzo bapa za uso zimekaa mahali ukuta unapohitaji unene, na mikunjo mikubwa ya pembeni huziba ngazi kati ya sehemu pana ya chini na sehemu nyembamba ya juu, ili ufupi wa jengo usionekane kama upungufu.

Ndani kuna kumbi tatu sambamba na altare kumi na mbili. Nimezionyesha kwa sanduku rahisi tu, na vizuizi vya shaba kwa waya wa umeme uliochunwa.

Gharama: silikoni 24,000, wanga 3,000, sabuni 2,000.

20 Julai 2024: rangi na hesabu

Chokaa ya kupaka ilibanduka kwenye jipsamu kwa maganda makubwa, kwa kuwa jipsamu kavu hunyonya maji yote kabla chokaa haijashika. Nilikwangua, nikapaka gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi, nikaiacha ikauke, kisha nikatumia rangi ya maji ya krimu na nyeupe. Imeshika vizuri.

Gharama za mwisho: rangi 18,000, ubao wa msingi 20,000, gundi 7,000. Jumla ya mradi ni shilingi 276,000. Atakayeiga bila kununua mota ya waipa atatumia 241,000, na akiazima cherehani ya nyumbani yenye mota badala ya kununua, atabaki na 181,000, mradi mwenye cherehani akubali mkanda wake ufunguliwe.

Kwenye maonyesho kuta mbili zenye paa zitatikiswa mbele ya watu, na mnara wa mapete utavutwa kwa mkono mwishoni. Vitofali vya akiba vinahitajika kwa wingi, kwa kuwa vinavyoanguka kwenye sakafu ya saruji hupoteza pembe na ukuta uliojengwa kwa vitofali vya mviringo huyumba mapema kuliko inavyostahili. Zulia kuukuu lililotandikwa kuizunguka meza limepunguza hasara hiyo kwa kiasi kikubwa. Kalibu za nakshi bado ni nzima na zinaweza kuazimwa.